Kesi ya Nguchiro wa Raila

Katika kijiji cha Raila, kule Kibera, kila mnyama hulipa kodi ya nyumba na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona hati ya kiwanja. Ardhi ni ya serikali, mabati ni ya fulani, choo ni cha kikundi cha vijana, na stima huja kwa waya usio na baba. Ungedhani wakazi wa mahali kama hapo wangeelewana upesi kuhusu kitu kisicho na karatasi. Ngoja kwanza.

Nguchiro alikuwa na kibanda cha gemu. Kilikuwa chumba cha futi kumi kwa kumi, benchi mbili, televisheni ya kichogo na PlayStation 2 iliyochakaa hata ikawa haisomi diski mpaka isimamishwe kwa ubavu na kuegemezwa tofali. Kila asubuhi Nguchiro aliifungua kifuniko, akaipangusa lenzi kwa pamba yenye spiriti, akaipulizia, akasema bismillahi, akabonyeza. Vipuri alivitoa kwenye maiti za mashine nyingine, maana Sony iliacha kuzitengeneza mwanzoni mwa 2013. Mechi moja shilingi kumi. Aliyefungwa anatoka, aliyeshinda anabaki na padi, na asiye na kumi anatazama bure mradi asitoe ushauri.

Mpira ndio uliolipa kodi ya kibanda. Kulikuwa na timu iliyoitwa Merseyside Red, kwa kuwa watengenezaji hawakuwa na leseni ya kulitumia jina la Liverpool. Nguchiro alikesha usiku mmoja akaibadilisha ikawa Gor Mahia, kila mchezaji akampa jina la jirani. Mbuzi wa Kianda alikasirika kuwekwa benchi na hakukanyaga pale mwezi mzima.

Lakini gemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Mbio za Bonde, iliyotungwa na Kobe wa Kawangware. Ndiyo, kobe katunga gemu ya mbio. Aliyeshinda mbio moja ataitangaza maisha. Matatu huanzia steji ya 46, hukata Adams, huteremka kwa kupitia Toi, na ukifika relini wakati treni inapita unasimama huku wenzako wakikuacha. Watoto waliozaliwa mita chache kutoka reli ile ile waliipenda sana sehemu hiyo. Hakuna gemu nyingine duniani iliyowahi kusimama kwa sababu ya treni yao.

Diski ilikuwa imebaki moja. Ilikuwa na mikwaruzo kiasi kwamba, kila matatu ilipofika relini, picha iliganda na treni haikumaliza kupita. Nguchiro akaamua kuinakili kabla haijafa.

"Huo ni wizi," alisema Kunguru kutoka juu ya waya. Kunguru huyo kiotani mwake mlikuwa na vijiko vya watu, lakini sheria aliijua.

"Sitaki kuiba. Nielekeze dukani, ninunue."

"Haiuzwi."

"Basi nimlipe mwenyewe. Nipe namba yake ya till."

"Mwenyewe hajulikani."

"Kama hajulikani, aliyeibiwa ni nani?"

"Sheria," alijibu Kunguru, akaruka zake, kwani kuna mtu alikuwa amefungua kibanda cha samaki.

Nguchiro alikuwa mnyama wa kufuata utaratibu, kilema ambacho wakazi wa Raila wengi wamepona mapema. Alifunga kibanda, akavuka Ngong Road, akaingia Kawangware, akamkuta Kobe kibarazani Gatina akimenya njugu.

"Babu, shikamoo. Nimekuja kuomba ruhusa ya kuinakili gemu yako."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nakili mia. Nitafurahi." Kobe akamenya njugu mbili. "Ila si yangu tena. Nilimuuzia Ngiri haki zote, za sasa na zijazo, za hapa na kwingineko. Alinipa paja la mbuzi na ahadi ya paja la pili."

Ngiri alishafilisika. Vitu vyake vilipigwa mnada, na Kupe mkopeshaji akachukua viti pamoja na sanduku la makaratasi lililokuwa juu ya viti. Sanduku hakulifungua; shida yake ilikuwa viti. Kupe naye alipofariki, ameshiba, biashara yake ilimezwa na Fisi, ambaye humeza kwanza kisha huuliza alichomeza.

Fisi ofisi yake ilikuwa upande wa pili wa Southern Bypass, ukingoni mwa msitu wa Ngong. Alimkaribisha Nguchiro kwa tabasamu, na tabasamu la fisi mnalijua.

"Mbio za Bonde? Sijui kama ninayo."

"Basi naweza kuinakili, mzee?"

"La."

"Unaweza kuangalia kwenye makaratasi?"

"Yako chini ya mifupa mingine. Kuangalia ni gharama."

"Gharama nitalipa mimi."

"Tukigundua ni yangu, itabidi niiuze, na kuuza ni kazi."

"Na tukigundua si yako?"

"Nitakuwa nimekuruhusu cha wenyewe. Wakili wangu hapendi mambo hayo."

Shauri likapelekwa barazani, uwanja wa Kamukunji, pale pale Kibera. Mwenyekiti alikuwa Korongo, wa wale wanaoshinda juu ya migunga karibu na uwanja wa Nyayo wakichungulia taka za mji. Hakuna anayekumbuka nani alimteua, lakini ana upara na koti jeusi, na hapa kwetu mengi huamuliwa na koti. Kunguru alisimama kushtaki. Fisi alituma salamu.

Shahidi wa Nguchiro alikuwa Mbayuwayu, aliyekuwa ametua Oktoba hiyo kutoka Ulaya, kama afanyavyo kila mwaka bila viza. Huyu anapita kwenye paa nyingi na kusikia mengi.

"Mheshimiwa, tatizo hili si la Raila peke yake. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilichunguza gemu zilizotolewa Marekani kabla ya 2010. Asilimia 87 hazipatikani kununuliwa kihalali. Atakaye aokoteze diski kuukuu, asafiri hadi kwenye maktaba iliyohifadhi, au aibe."

Akaendelea: "Mtu mmoja huko, Stephen Kick, alitaka kuicheza tena System Shock 2, gemu ya mwaka 1999. Haikuwepo dukani. Walioitengeneza, Looking Glass, walifunga milango mwaka 2000. Alipofuatilia haki zao ziliishia wapi, alizikuta kwenye kampuni ya bima."

Kicheko kilipita uwanjani. Kobe hakucheka. Alikuwa anawaza viti vya Ngiri.

"Kampuni hiyo ya bima angalau ilikubali kuongea. Kick akaanzisha Nightdive, na mwaka 2013 gemu ikauzwa tena kwenye duka la GOG. Duka hilo lilifunguliwa 2008 na kampuni ya Poland, CD Projekt, na hadi leo mojawapo ya kazi zake ni kutafuta wenye gemu za zamani na kuwalipa. Nightdive haohao wakaifuata nyingine, No One Lives Forever ya mwaka 2000. Haki zake zimepita mikononi mwa kampuni kubwa kadhaa. Kampuni zilijibu kwamba hazina uhakika kama ni zao, na kwamba si muhimu kiasi cha kwenda kufukua makaratasi. Ila zilionya kwamba atakayeitoa bila idhini atakiona. Gemu hiyo haijauzwa tena."

Kwa hiyo msomaji usidhani Fisi nimemtia chumvi.

Kunguru akasimama, akajikung'uta. "Mheshimiwa, hata Wamarekani wenyewe wamekataa. Oktoba 2024 maktaba zao ziliomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti gemu zisizouzwa tena, wazitumie kwa mbali. Ofisi ya Hakimiliki ikasema hapana. Na mojawapo ya hofu zilizotajwa ni kwamba watu wangezitumia kujiburudisha."

"Kucheza gemu?" aliuliza Mama Kuku kutoka nyuma.

"Kucheza gemu," alisema Kunguru, kwa sauti ya anayetaja bangi.

Korongo akafungua Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Programu ya kompyuta huhesabiwa pamoja na kazi za fasihi, akasoma, na kazi hizo zinalindwa kwa uhai wote wa mtunzi, kisha miaka 50 kutoka mwisho wa mwaka aliofariki. Akamgeukia Kobe. "Una umri gani, mzee?"

"Sabini na kidogo. Babangu alifika 140, na ingekuwa si bodaboda angekuwa hapa leo."

Korongo akapiga hesabu kwa ukucha mchangani. Nguchiro huishi miaka kumi hivi akijitunza. Diski ile haingemaliza hata mwaka. Hesabu ya watu si nzuri zaidi: mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mojawapo ya gemu za kwanza za pande tatu kutengenezwa na Mkenya, na kwa sheria hii, hata kama mtunzi angefariki mwaka huohuo, isingekuwa huru kabla ya 2058. Mtoto aliyeicheza siku ilipotoka atakuwa mzee wa kucheza bao. Sina ugomvi na mtunzi kulindwa. Ugomvi wangu ni sheria isiyoweza kumtofautisha mtunzi na aliyemeza sanduku.

Hapo Mama Kuku akasogea mbele. Hakuwa ameitwa, lakini alikuwa amelea vifaranga 31 kwa mapato ya mayai na hakuogopa koti.

"Mheshimiwa, mimi sheria ya gemu siijui. Ya shamba naijua kidogo, kwa sababu kijijini nilifukuzwa. Kenya hii, mtu binafsi akilitelekeza shamba lake, mwingine akakaa humo waziwazi miaka 12 bila kupingwa, huyo mkaaji anaweza kwenda kortini akaomba liwe lake. Ni hivyo, si hivyo?"

"Ni hivyo," alisema Korongo. "Lakini si ardhi ya serikali, kama hii uliyosimama."

"Najua, ndiyo maana bado nalipa kodi. Na hata hapa Kibera, Wanubi walikaa zaidi ya miaka mia, hatimaye 2017 wakapewa hati ya ekari 288. Sasa nieleze. Shamba, ambalo nikilichukua wewe huna tena, mwenye kulala anapewa miaka 12 aamke. Gemu, ambayo nikiinakili yako bado unayo, kama unajua uliiweka wapi, mwenye kulala anapewa uhai wa kobe na 50 juu yake?"

Uwanja ulinyamaza, isipokuwa treni, iliyokuwa inapita.

Nguchiro akatoa pendekezo lake, na naliona lilikuwa la busara kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Atafutwe mwenyewe kwa muda maalum, kwa tangazo redioni na chifu kupiga mbiu. Asipojitokeza, nakala zitolewe kwa shilingi kumi kila moja, fedha ziwekwe kwenye kopo la baraza, na siku akija na karatasi apewe kopo lake, na kuanzia hapo bei apange mwenyewe. Mbayuwayu akaongeza kwamba hilo si geni: Canada wana bodi inayotoa leseni pale mwenye kazi asipopatikana, na Uingereza ilianzisha mpango wake wa namna hiyo mwaka 2014.

"Na mimi?" aliuliza Kobe. "Kopo hilo halina njugu zangu?"

Ilikuwa hoja nzuri. Wakakubaliana nusu yake.

Korongo alijitenga kwa dakika tano nyuma ya choo, akarudi na hukumu. Nguchiro hana hatia, kwa kuwa bado hajanakili. Hana ruhusa pia. Diski ichukuliwe iwe kielelezo, ihifadhiwe kabatini mwa baraza hadi mwenyewe atakapopatikana. Kabati la baraza ni la mbao, na mchwa wa Kamukunji hawasubiri miaka 50.

Kumbe umati ule Fisi alikuwa ameuona kutoka msituni. Miezi mitatu baadaye mabango yalijaa kutoka Olympic hadi Laini Saba: Mbio za Bonde, Toleo la Dhahabu. Hakuna aliyemuuliza karatasi. Nyimbo za zamani hazikuwemo, leseni zake zilikuwa zimeisha, jambo ambalo waliocheza Grand Theft Auto: San Andreas wanalijua, kwani mwaka 2014 nyimbo kadhaa zilinyofolewa kwa sababu hiyohiyo. Reli nayo ilitolewa ili mbio ziende haraka. Gemu ilikula bando hata ukicheza peke yako, na Fisi alipoona hesabu haimpendezi, akazima mitambo yake. Waliolipa wakabaki na picha kwenye simu. Ubisoft walifanya hivyo kwa The Crew tarehe 31 Machi 2024, na walalamishi wa Ulaya wakakusanya sahihi zaidi ya milioni moja. Wa Raila walikusanya mawe, wakakatazwa na Mama Kuku.

Leo atakaye kuicheza Mbio za Bonde kihalali hana pa kwenda. Asiyejali uhalali akamuulize Panya, ambaye usiku wa kuamkia kesi alilala kibandani kwa Nguchiro na kompyuta ya kuazima. Nguchiro mwenyewe hakuwahi kuomba nakala hiyo. Kopo, hata hivyo, alilianzisha. Kila anayetoka kwa Panya hupitia kwake na kutumbukiza kumi, na nusu hupelekwa Gatina kila Jumapili.

Basi wewe msomaji, kama kwenu kuna viti vilivyonunuliwa kwenye mnada wa Ngiri, chungulia chini yake. Ukikuta sanduku, na ndani karatasi yenye jina la Kobe, uje Raila ulizie kibanda cha Nguchiro. Fedha zako zipo. Tunachoomba ni utoe jibu moja tu, ndiyo au hapana, kabla watoto hawajazeeka.