Ploti ya Ndovu

Hapo zamani, wala si za kale sana, mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zilinyesha mpaka Ndovu akaamka asubuhi moja na kukuta shamba lake halipo. Lilikuwa kando ya maji, pale Mto Tsavo unapokutana na Athi na kuzaliwa Galana. Udongo wake ulikuwa mwekundu, ule ule aliojirushia mgongoni kila siku hata wageni wakadhani kazaliwa na rangi hiyo. Sasa palibaki mwamba mtupu na mizizi inayoning'inia hewani.

Kikao kikaitishwa Voi, chini ya mbuyu. Fisi, dalali wa mashamba, akakohoa kidogo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, shamba halijafa. Limehama tu. Limeteremka na Galana, na Galana ikikaribia pwani huitwa Sabaki, nayo hutua mzigo wake kaskazini ya Malindi. Pole kwa msiba, na hongera: sasa una ploti ya ufukoni."

Wajumbe wakapiga makofi, wakapitisha marupurupu ya safari. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeing'oa miti iliyoushika udongo ule. Jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, likipepea masikio.

Walifika mdomoni mwa Sabaki Januari, kaskazi ikivuma. Mbele yao fungu la mchanga lilikuwa limelala baina ya mto na bahari, heroe wakitembea pembeni yake kwa maringo. Fisi hakungoja. Akavuta kamba, akasimika bikoni nne, akamkabidhi Ndovu hatimiliki yenye mhuri uliokuwa bado mbichi.

"Hodi, Bi. Kaa," Ndovu akaita. "Tumekuja kuchukua shamba letu."

Kaa akatoa macho shimoni, kwanza moja, kisha la pili. "Karibuni. Ila mkae foleni. Mbuzi wa Machakos aliwasili jana na hati kama hiyo."

Kweli, chini ya mvinje alikuwepo Mbuzi, akitafuna pembe ya hati yake polepole.

Ndovu akachota mchanga kwa mkonga. "Wangu ni huu mwekundu."

"Mwekundu haukai hapa, mzee wangu. Hilo ni tope jepesi. Huelea likafika kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968, likayafunika yakakosa pumzi. Kinachobaki ufukoni ni mchanga mzito, na ndani yake kuna chembe za Ukambani, za Tsavo na za makombe ya marehemu jamaa zangu. Zichambue basi, moja moja."

Fisi akacheka. "Mheshimiwa, usibishane na mtu asiye na hati."

"Sina," Kaa akajibu. "Maji yakijaa, nyumba yangu hufutika. Yakipwa, nachimba nyingine. Mchanga ukishafika huku ni msafiri. Mwenye ardhi ni yule aliyeizuia isiondoke."

Maneno hayo yalimwingia Ndovu sikio moja, na yake ni makubwa, yakatokea la pili.

Ikafika Aprili. Kaskazi ikalala, kusi ikaamka na masika yake. Usiku mmoja mto ulijaa kutoka bara na bahari ikajaa kutoka nje, fungu likabanwa katikati. Kaa alikuwa juu ya gogo, akilitazama kombe moja jeupe. Wimbi lilikuja mshazari, likalipandisha kombe ufukoni likielekea kaskazini. Maji yakarudi moja kwa moja baharini, yakaliburura na kuliacha hatua moja mbali na lilipoanzia. Wimbi jingine, hatua nyingine. Na mchanga wote ulikuwa ukitembea hivyo hivyo, chembe kwa chembe, kama wafanyakazi wa zamu ya usiku. Alfajiri mto ukalipasua fungu, ukajitobolea mlango mpya.

Kulipokucha, bikoni mbili zilikuwa baharini, moja katikati ya mto, na ya nne haikuonekana. Mchanga wenyewe ulikuwa umeshika njia ya Mambrui.

"Hakuna shida," akasema Fisi. "Mambrui pia nina ofisi."

Ndovu hakungoja bei. Akajitosa majini kulifukuza shamba lake, mawimbi yakampiga ubavuni, na mgongoni pake kukachuruzika wekundu, kwanza kama uzi, kisha kama kitambaa kilichokunjuliwa. Alipotoka, alikuwa wa kijivu. Heroe hawakumtambua.

"Mzee," Kaa akasema kwa upole, "shamba lako lililobaki ulikuwa umelivaa."

Mbuzi aliutazama ule mstari mwekundu ukienda na maji. "Na ule," akauliza, "ni wa nani?"

Fisi alikuwa ameshatoa kamba.