Juma la Kuitafuta Sheria ya Simu

Jumatatu

Umeme umekatika kabla simu za wateja hazijajaa chaji. Nina kibanda upande wa Mashamba, kwenye barabara wanayopita wachimbaji. Nauza inite, yaani muda wa maongezi, natengeneza simu, naandikisha laini mpya. Anayetaka laini ananipa kadi yake ya mpiga kura. Naipiga picha mbele na nyuma, naandika jina, tarehe ya kuzaliwa na mahali anapokaa, kisha natuma. Picha na maelezo hayo yakishatumwa, siyaoni tena.

Mchana amerudi kijana mmoja niliyemwandikisha mimi mwenyewe. Kwenye kizuizi askari alimwamuru afungue simu, akasoma ujumbe wake wote, hata wa mkewe. "Papa, sheria inawaruhusu?" Sikuwa na jibu. Nimemwambia apite tena Jumamosi, naye amekubali bila kunung'unika. Mtu aliyenikabidhi kadi yake anastahili jibu.

Jumanne

Nimefunga kibanda na kwenda mjini. Ofisi ya kwanza, benchi limejaa, shefu yuko mkutanoni. Karani ameniita jua likiwa utosini. Nimemweleza ninachotaka: kusoma maandishi yanayosema ni lini polisi wanaweza kusikiliza simu ya mtu au kuifungua, na nani anawapa kibali. Ameniuliza nimetumwa na nani. Nimesema sikutumwa, mimi ni mwananchi. Ameuliza tena, kwa sauti ileile.

Mwishowe ameandika jina langu na namba yangu katika daftari, akasema nitapigiwa. Ofisi ya pili ilikuwa imeshafunga. Nimerudi bila kuona hata ukurasa mmoja, na mauzo ya siku yamekwenda.

Jumatano

Mvua tangu alfajiri, barabara ni tope, wateja hakuna. Nimekwenda kwa jirani yangu avoka, yaani wakili. Amenitolea Katiba yetu ya Kongo ya 2006 kwa Kifaransa, tumeisoma pamoja polepole, yeye akitafsiri nami nikiandika.

Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kupata habari. Ibara ya 31 inalinda maisha ya faragha na siri ya barua, simu na mawasiliano mengine yote. Siri hiyo haiguswi ila pale sheria inaposema. Ibara ya 62 inasema hakuna anayeruhusiwa kudai kwamba haijui sheria. Halafu avoka akanionyesha ibara ya 142, nikamwomba aisome tena. Serikali ina wajibu wa kusambaza kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa, katika siku 60 tangu kutiwa sahihi. Lugha hizo ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba.

Nayo sheria ya simu ipo. Ni namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, iliyochukua nafasi ya sheria ya mawasiliano ya simu ya 2002. Tarehe 13 Machi 2023 ukaongezwa mkusanyo mzima wa sheria za dijitali. Zote ni za Kinshasa na za Kifaransa. Siku 60 zimekwisha zamani, na kwa Kiswahili hazijafika barabara yetu. Mchimbaji anatakiwa azijue, lakini aliyepaswa kumletea hakumletea. Nimekasirika, na nadhani nina haki.

Alhamisi

Wateja wamesikia ninachotafuta. Mama mmoja muuza samaki amenikumbusha RAM, rejista ya simu iliyoanza Septemba 2020 na kukata inite za watu hadi ilipoondolewa mwanzoni mwa 2022. Wakati ule walinigombeza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu. Leo ameuliza swali jingine: fedha zilikoma kukatwa, je, orodha ya simu zetu iko wapi na nani anaisoma? Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri chenji wamenyamaza wakinitazama.

Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa juma hili. Nimeliandika kama alivyolisema.

Ijumaa

Dereva wa lori kutoka Tanzania, anayebeba shaba kwenda Dar es Salaam, amesimama kununua inite. Foleni ya malori haikuwa ikisogea, tumezungumza. "Mzee, kwetu unaandika barua, wanapaswa kukujibu." Ni kweli. Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na ofisi hupewa siku 30 kujibu. Kenya ilitunga yake mwaka huohuo, Uganda tangu 2005, na kote kuwili ni siku 21. Sisi tuna ibara ya 24, lakini sheria ya kumwezesha raia wa kawaida kudai karatasi na kupewa tungali tunaisubiri.

Nchi hizo nazo huficha mambo ya usalama, na mengine naona sawa. Jina la mtu anayechunguzwa leo lifichwe, ili mwizi wa nyaya asikimbie. Lakini kanuni yenyewe, yaani nani anaruhusu, kwa kosa gani, kwa muda gani na unakwenda kulalamika wapi, hiyo haimsaidii mwizi yeyote. Inamsaidia anayesimamishwa kizuizini usiku akiwa na simu mkononi.

Jumamosi

Kijana amekuja. Nimemsomea ibara ya 31 kwa Kiswahili, naye ameomba ainakili. Kisha nimemwambia kwamba sheria ya kueleza ni lini siri hiyo inaguswa ipo, na tunaidai. Ameuliza kama askari naye ameisoma. Hilo pia tumelitia katika barua tunayoandika kuidai.

Barua ni ya ukurasa mmoja. Inataja ibara za 24 na 142. Inaomba sehemu zinazohusu kusikiliza na kufungua simu zibandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za mitaa na vituo vya polisi, na swali la mama wa samaki lijibiwe kwa maandishi. Avoka ameisahihisha. Muuza samaki ametia sahihi, wachimbaji kadhaa pia. Fotokopi imechelewa kwa sababu ya umeme, lakini nakala zimetoka. Jumatatu naipeleka, nakala moja ibaki kwangu na muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri siondoki.