Kaka Kaleta Boti Gongoni

Ukitoka Gongoni, katikati ya mji wa Tabora, ukashika njia yoyote uitakayo, hulioni ziwa mpaka uwe umechakaa. Tanganyika liko Kigoma, mwisho wa reli. Victoria liko Mwanza. Mababu wa huku walisifika kwa mabega: Wanyamwezi ndio waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo wakarudi na vitambaa na shanga, na njia nzima maji yalikuwa kitu cha kubebwa kibuyuni. Sisi kubeba maji tunakujua. Kubebwa na maji hatukufundwa.

Kwa hiyo mwezi Mei, lori liliposimama mbele ya nyumba ya kaka yangu na wanaume wakaanza kushusha kitu kirefu cha mbao kilichofunikwa turubai, majirani hawakuuliza kimetoka wapi. Waliuliza nani kafa, na mama mmoja alikuwa ameshajifunga khanga ya msibani.

Kaka ni mstaafu wa reli. Sehemu kubwa ya utumishi wake alikuwa stesheni ya Kigoma, na ziwa lilikuwa mbele ya macho yake kila siku. Anazijua boti za dagaa zitokazo jioni na taa zao za karabai, anajua upepo upi wa kuogopwa, na MV Liemba akiitaja hupunguza sauti kwa heshima. Kasia hajawahi kushika. Jambo hilo wifi yangu alikuja kuligundua baadaye, akiwa tayari yuko ndani ya maji.

Kiinua mgongo kikitoka, wengine hununua bajaji. Wifi alikuwa ameshapima uani pale ambapo mashine ya kusaga ingekaa, ameshaulizia na umeme wake. Kaka akaenda Kigoma "kusalimia wenzake", akarudi na boti kuukuu aliyoinunua ufukweni Kibirizi. Mpango wake alikuwa nao kichwani: atavua perege na kambare bwawa la Igombe, kaskazini ya mji, na sikukuu atapakia watoto wa watu kwa nauli. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia jikoni, na siku hiyo chakula kilichelewa sana.

Boti ikafudikizwa juu ya matofali chini ya mwembe, ikasahauliwa. Huko Ujiji mtoto mdogo angekwambia kwamba hilo ndilo kosa lenyewe. Mbao za boti zinaishi kwa maji. Zikiwa ziwani hunywa, huvimba, hubanana. Zikiachwa juani husinyaa, na pamba iliyosokomezwa kati ya ubao na ubao inalegea. Na kiangazi cha Tabora mnakijua. Kuanzia Mei mpaka Oktoba mawingu yanapita kwa hisani yao tu, hayatuachii kitu.

Wifi naye alianza kuisamehe boti, kwa sababu zake. Juu ya tumbo lake alianika michembe na matobolwa, na kila kitu kilikauka vizuri ajabu. Chini yake kuku walitaga. Watoto wakifanya kosa walijificha humo, na mimi shangazi yao nikiulizwa nilisema sijawaona.

Mwezi wa tisa akaja shemeji yetu, kaka yake Wifi, mvuvi wa Ujiji, kwenye harusi. Aliizunguka boti, mikono nyuma. Akatoa mfukoni sarafu ya shilingi mia mbili, akaisimamisha kwa ubavu kati ya mbao mbili, akaiachia. Sarafu ikapita bila kugusa, tukaisikia ikilia kwenye tofali kule ndani.

"Shemeji," akasema kwa upole, "hii boti imekuwa kichanja."

Dawa yake, alisema, ni kuigeuza, kuijaza maji na kuiacha inywe mchana na usiku mpaka mbao zifumbe zenyewe. Zamani tungemcheka. Mji ulitegemea bwawa hilo hilo la Igombe na lile la Kazima, na foleni ya ndoo ilikuwa na wazee wake. Siku hizi bomba linaleta maji ya Ziwa Victoria hadi Tabora. Kaka akavuta mpira wa kumwagilia, akafungulia.

Mimi nilifundisha historia mpaka nikastaafu, na pale sikuweza kunyamaza. Mwaka 1858 mpelelezi Speke aliondoka hapa hapa kwetu, Kazeh kama walivyopaita, akamwacha mwenzake Burton anajiuguza, akatembea kaskazini mpaka tarehe 3 Agosti alipoliona ziwa lile. Akarudi kumwambia mwenzake kuwa amekipata chanzo cha Nile. Burton akamkatalia, na ugomvi wao haukwisha mpaka Speke alipokufa, 1864. Sasa ziwa lenyewe limekuja kwa miguu yake, linaingia kwenye boti ya Kigoma kwa juu na kutokea kwa chini, linateremka taratibu hadi kwenye mchicha wa Wifi. Nilimwambia kaka kwamba Burton na Speke wangelipia kuliona jambo hili.

"Atakayelipia ni mimi," Wifi akadakia, na akaenda kuitazama mita.

Mita ilikuwa inakimbia. Kulipokucha, boti ilikuwa na maji ya kulowesha kifundo cha mguu na ua mzima ulikuwa tope. Wifi akafunga koki.

"Mama watoto, boti bado inakunywa!"

"Basi na ilipe."

Hapo ndipo ilipokuja akili ya nta. Wifi anauza asali. Chupa ziko dirishani, na madonge ya nta anayaweka kwenye ndoo chini ya kitanda akingoja mnunuzi. Kuziba boti kuna utaratibu wake: unachukua pamba iliyoloweshwa mafuta, unaisokomeza kwa patasi butu na nyundo, ufa kwa ufa, kazi ya kuumiza mgongo na kuchosha subira. Hiyo ndiyo kalafati. Kaka alisubiri Wifi aende sokoni, akayeyusha ndoo nzima ya nta kwenye sufuria la pilau na kuimimina nyufani kwa kijiko. Jioni nta ilipopoa boti ilikuwa laini, inang'aa, inanukia. Alipompigia shemeji simu kumpa habari, upande wa pili palikuwa kimya, kisha shemeji akauliza jua la huko likoje.

Sufuria lile halijapika tena pilau. Hilo tusiliseme.

Siku ya Igombe ilikuwa Novemba, mvua bado hazijaanza, bwawa limerudi nyuma na kuacha ukanda mpana wa tope. Boti ilikaa juu ya pikapu, jua linaipiga njia nzima. Nyuma yetu walikuja majirani, na sidhani walikuja kwa sababu ya samaki. Wifi alikuja kuiona hasara kwa macho yake mwenyewe, lakini aliwafunga watoto madumu matupu ya lita tano, mbele moja na nyuma moja, wakalia kwa aibu mbele ya wenzao. Ndiyo akili pekee iliyopanda chomboni siku ile. Mimi nilibaki ukingoni kutunza viatu.

Walipanda wote wakati omo ingali imelala kwenye tope. Wakakaa tezi, penye kivuli cha mwavuli wa Wifi, na boti ikainua pua na kukataa kwenda. Kaka akashuka kuisukuma. Alipoona inateleza aliweka mguu mmoja ndani na kuusahau wa pili nje, na tope la Igombe likikushika halikuachii kwa kuombwa. Boti iliondoka. Mguu ulibaki. Nilimwona kaka yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akirefuka mbele ya umma, suruali ikalia mahali, na mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu akaweka sindano chini ili aangalie vizuri.

Alivutwa ndani kwa kola. Akatulia, akashika makasia mawili, akatazama mbele kule alikotaka kwenda, akavuta kwa nguvu zote. Boti ikarudi kwetu. Akavuta tena. Ikarudi tena, kwa kasi.

"Mzee!" mvuvi akampigia kelele. "Geuka! Safari unaipa mgongo!"

Kaka alidhani anafanyiwa utani. Ameendesha maisha yake yote kwenye reli, na huko anayeongoza anatazama mbele. Ilibidi Wifi amshike mabega na kumgeuza. Kuanzia hapo walikwenda vizuri kabisa, ila aliyekuwa anapiga makasia haoni aendako, na waliokuwa wanaona hakuna aliyewaambia kuwa hiyo ndiyo kazi yao. Wakaingia moja kwa moja kwenye nyavu za mvuvi yule yule.

"Tia nanga!" kaka akaamuru, akiwa bado na heshima yake.

Nanga ilikuwa plau mbovu. Kamba ilikuwa ile ya kuanikia nguo, na Wifi aliitambua palepale, akaanza kuuliza imefikaje huku. Plau ilikuwa imefungwa barabara, fundo la kitaalamu. Ilipotupwa, kamba ikaifuata mbio, ikampita Wifi mapajani, na ncha yake ya mwisho ikaruka ukingo wa boti na kuzama. Hakuna aliyekuwa ameifunga upande wa huku.

Walikuwa wangali wakitazama viputo pale ilipozama, mtoto wa mwisho akasema ana baridi miguuni. Nta ilikuwa imekwisha kazi. Nyingine ilitiririka juani juu ya pikapu, na ile iliyobaki ilibanduka vipande vipande, maji yakaingia kwa kila ufa bila haraka. Aliyeona alisimama. Aliyemwona mwenzake kasimama naye akasimama, na chombo kidogo hakitaki watu wasimame. Kikainama ubavu, kikanywa shibe ile iliyokatishwa na koki, kikakaa chini. Vilio vyao vilifika mpaka barabarani. Wifi alikuwa katikati ya shahada mvuvi alipowaambia, bila kunyanyuka, kwamba wasimame tu, maji ya hapo ni ya kiuno.

Wakasimama. Madumu ya watoto yakawapandisha mpaka kwapani, wakawa wanaelea na kucheka, wao peke yao.

Njia ya kurudi hakuna aliyesema neno mpaka karibu na mjini. Kisha kaka akakohoa. "Hata Liemba ilizama."

Akaanza kutueleza, nasi tunaijua: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa makashani na kuja kwa meli hadi Dar es Salaam, halafu ikapita Tabora hii hii kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata ikawa chini ya maji. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina jipya.

"Liemba Wajerumani wenyewe waliizamisha makusudi," Wifi akasema, akikamua khanga dirishani.

Nikamwonea huruma kaka. Nikamwambia hata Speke, kabla ya safari yake ya kaskazini, alivuka Tanganyika Machi 1858 kutafuta jahazi la kukodi. Usiku wa dhoruba kisiwani aliwasha mshumaa, wadudu weusi wakajaa hemani, mmoja akamwingia sikioni. Akamimina siagi iliyoyeyushwa, haikusaidia. Akachokonoa kwa kisu, sikio likaharibika. Akarudi Ujiji kiziwi wa upande mmoja.

"Na jahazi alipata?" kaka akauliza.

"Hakupata."

"Basi mimi boti ninayo."

Boti ikarudi chini ya mwembe, ikafudikizwa, na mvua zikaanza. Tulidhani hadithi imeisha. Lakini muulize mfugaji nyuki yeyote wa Tabora: kabla ya kutundika mzinga wa gome porini, huupaka nta ndani, ili kundi linalohama livutwe na harufu. Kaka alikuwa ameupaka mzinga mkubwa kuliko yote mkoani, akauweka kivulini, na kuuachia mlango saizi ya sarafu.

Walikuja mchana wa Ijumaa, watu wako msikitini. Kuku walihama wenyewe. Wifi alihamishia nguo kwa jirani, na jirani naye baada ya siku chache akaomba zirudi kwao, kwa sababu nyuki walikuwa wamezizoea. Watoto walipoteza maficho yao, na mimi nikapoteza nafasi yangu ya kusema sijawaona.

Akaitwa mfugaji kutoka upande wa Sikonge, akaja usiku na moshi wake. Alichutama, akabisha tumbo la boti kwa ukucha, akasikiliza hapa, akasogea, akasikiliza pale. Kisha akamulika tochi kwenye makasia yaliyoegemezwa mwembeni.

"Mama," akamwambia Wifi, "nimefuga tangu utoto. Mzinga wenye makasia ndiyo kwanza nauona."

Alishauri wasiguswe mpaka wajaze. Juni, walipofunua upande mmoja, masega yalikuwa yamening'inia kutoka taruma hadi taruma, mengine meupe, mengine ya hudhurungi iliyoiva, na asali ilitoka ndoo juu ya ndoo. Hapo nyumba ikagawanyika. Kaka alidai asali ni yake, boti aliinunua kwa kiinua mgongo chake. Wifi alisema nta iliyowaita nyuki ilikuwa chini ya kitanda chake. Nililetwa kuamua, shangazi mtu mzima, na nikaamua kwamba bili ya maji ilipwe kwanza. Ililipwa. Kilichobaki Wifi alikipeleka sokoni, na kamba mpya ya kuanikia ikanunuliwa.

Mfugaji alitaja bei ya boti, nzuri kuliko ile ya Kibirizi. Kaka amekataa. Anasema mwaka huu ataitia kalafati ya kweli, pamba na patasi, na shemeji ameshatumiwa nauli ya treni kutoka Kigoma. Wifi hajapinga. Ameuliza tu, boti ikienda Igombe, nyuki watateremkia stesheni ipi.