Harufu Imekimbilia Wapi? Njia Saba za Kuishika Mkia

Umejipaka mafuta ya limau saa mbili asubuhi. Saa nne unanusa kiganja na kuanza kumshuku jirani. Mwache jirani, hajakuibia. Limonini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, huchemka kwenye nyuzi 176. Eujenoli ya karafuu hungoja hadi 254. Chepesi hupaa mapema, kizito huganda pale pale. Tuhesabu kutoka saba kushuka, utamu uko chini.

7. Ficha chupa. Dirisha la bafu lina jua, joto na mvuke: maadui watatu kwenye kibaraza kimoja. Chupa ya rangi ya kahawia, kifuniko kikazwe, kabatini. Mafuta ya limau na chungwa ndiyo huchacha mwanzo, na yakichacha huwasha ngozi.

6. Jipake ukiwa umetoka kuoga. Ngozi iliyopauka haishiki kitu. Futa maji juu juu, paka mafuta ya nazi, manukato yafuate.

5. Pima. Kwa mililita 30 za mafuta ya nazi, matone 12 yanatosha, yaani kama asilimia 2. Karafuu ni kali, iishie matone 3. Anayeongeza ili ikolee ajue kitakachokolea ni upele. Mafuta ya limau au ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda yasipakwe mahali patakapopigwa na jua, maana yanaunguza ngozi. Na wewe unayetia matone kwenye maji ukatikisa: hao wawili hawajawahi kuoana, na kutikisa si posa.

4. Mpe mwepesi mlezi mzito. Hapa ndipo wengi hupotea. Chungwa peke yake ni mgeni wa kupita. Liwekee sandali, pachuli au vetiva chini yake, nalo litakaa mpaka chai ya jioni. Langilangi inalifundisha jambo hili vizuri kuliko ua lolote. Komoro, hasa Nzwani, maua yake hukenekwa kwa saa nyingi na mafuta hukingwa kwa mafungu. Fungu la mwanzo, liitwalo ekstra, ndilo jepesi, la maua matupu, na ndilo ghali. Fungu la mwisho, liitwalo la tatu, ni zito, huishia zaidi kwenye sabuni. Watu hulidharau! Mimi nasema kwa kudumu nyumbani lichukue hilo la tatu, na pesa iliyobaki nunua samaki.

3. Tafuta kitu chenye vinyweleo. Chungu kidogo cha udongo kisichopakwa rangi, kipande cha mti mkavu, au makonyo ya karafuu, yale yale ambayo kiwanda cha Wawi, Pemba, hukenekea mafuta. Dondoshea, weka kwenye droo, funga. Sahani ya kauri haifai: haina pa kuyaficha mafuta.

2. Punguza moto. Moto mkali huimaliza harufu yote kwa mkupuo, kisha unabaki na sebule yenye moshi na wageni wenye kikohozi. Kaa la chetezo lisubiri livae jivu, ndipo uweke udi. Ukisikia harufu ya kuungua, hiyo ni pesa yako. Dirisha liache wazi kidogo, na ukifukiza karafuu, paka mtoe nje: ini lake haliwezi kuivunja eujenoli vizuri.

1. Nguo! Ngozi ina joto na jasho, ndiyo maana huifukuza harufu. Pamba haina haraka. Wanawake wa pwani wamelijua hili zamani: kanga hutandazwa juu ya tenga, chetezo kikafuka chini, kisha ikakunjwa ingali na moshi wake na kufungiwa sandukuni. Kikuba nacho, asumini na rehani na mkadi, hubanwa kwenye nguo wala hakisuguliwi mwilini. Ukipenda mafuta, dondoshea kitambaa cha pamba, kitangulize sandukuni, nguo zije juu yake. Hariri usiidondoshee moja kwa moja. Doa la mafuta nalo hudumu, na lenyewe halihitaji msaada wa mtu.