Dirisha Lisilobisha Hodi: Mhadhara wa Bingwa wa Vivinjari vya Ukambani

Mheshimiwa chifu, wazee wa mtaa, kina mama wa vyama, mchungaji uliyefika ukidhani hii ni harambee, vijana wa bodaboda mliozima pikipiki kwa ajili ya elimu, na wageni wetu wa Makueni mliovuka Mto Athi kuja kuchota maarifa Kitui: nawasalimu. Kaeni. Wa kusimama leo ni mimi peke yangu.

Mwenyekiti alikuwa ameandika utambulisho wangu kwenye karatasi. Nimemwomba airudishe mfukoni, maana nimeisoma na ni fupi. Mimi ndiye Bingwa wa Vivinjari, Tabibu wa Simu Zilizorogwa, na Mshauri wa Kudumu wa Mambo ya Intaneti kuanzia Kyuso hadi Mtito Andei. Vyeo hivi nilijitunuku mwenyewe, baada ya kujitahini kwa ukali ambao chuo kikuu chochote kisingethubutu. Yupo kijana mmoja mwenye saiba karibu na stendi anayedai kwamba mtu hawezi kujitunuku udaktari. Kijana huyo hutoza shilingi 50 na kumaliza kwa dakika mbili kazi ambayo mimi huifanyia mhadhara wa mchana kutwa. Nawaachia mpime ni nani kati yetu anayeiheshimu taaluma.

Wala mimi si wa kwanza kubezwa kwa kuona jambo akiwa Kitui. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Ludwig Krapf, akiwa mgeni wa mfanyabiashara wetu Kivoi, aliuona Mlima Kenya kutoka huku kwetu. Aliposema kuna theluji karibu na ikweta, wapo wataalamu wa Ulaya waliomcheka bila hata kuinuka vitini. Nami niliposema, pale kwenye matatu, kwamba simu zenu hazina virusi bali zina ruhusa, mlinicheka vilevile. Krapf alikuwa na mlima wa kumtetea. Mimi nina mdomo.

Tuuangalie ugonjwa. Mzee wa Mutomo anafungua simu atazame bei ya ndengu. Kabla hajaiona bei, dirisha linamrukia: simu yako ina virusi 13! Analifunga. Linakuja la pili: hongera, umeshinda simu mpya. Analifunga. La tatu lina kindege kinachopaa na pesa zikiongezeka kadiri kinavyopaa. La nne lina binti wa umri wa mjukuu wake, anayesema yuko karibu, hapo hapo Mutomo, na anamsubiri. Mzee anaifunika simu kwa kofia kwa sababu mama watoto anapita.

Mzee huyu ameshauriwa mengi. Wa Kibwezi wamemwambia aiombee. Wa mji wa Wote wamemwambia aizime na kuiwasha. Wa hapa kwetu wamemwambia aizime mara saba, kwa hesabu ileile ya jiwe letu la Nzambani, ambalo inasimuliwa kwamba ukilizunguka mara saba mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke hugeuka mwanamume. Natamka kwa mamlaka yote niliyojipa: ukiizima simu mara saba, mara ya nane itawaka na binti yuleyule.

Uovu huu wa madirisha una mwanzilishi, tena tunamjua kwa jina. Ni Ethan Zuckerman, Mmarekani, ambaye miaka ya tisini alikuwa katika kampuni ya Tripod. Kampuni moja ya magari ilikuwa imekasirika kuona tangazo lake limekaa juu ya ukurasa wa mambo ya chumbani. Zuckerman akaandika msimbo wa kulifungulia tangazo dirisha lake lenyewe, mbali na ukurasa. Magari yakalinda heshima yao, dunia nzima ikapoteza yake. Mwaka 2014 aliomba radhi hadharani katika jarida la The Atlantic. Kwa niaba ya Ukambani, bado naifikiria radhi hiyo.

Na msiseme hatukuonywa. Nabii wetu Syokimau, kama wazee wanavyosimulia, aliona nyoka mrefu atakayetoka maji hadi maji, na reli ikaja ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Aliona pia watu watakaotembea na moto mfukoni. Wengi husema alimaanisha kiberiti. Mimi si mtu wa kumlisha nabii maneno, lakini betri ya simu yangu ikichemka nikiwa nimevaa suruali hii, huwa najiuliza.

Sasa acheni kunong'ona, hapa ndipo penye elimu. Tangu kama mwaka 2004, vivinjari vikubwa vilianza kuyazuia madirisha ya Zuckerman, na leo Chrome huyazuia yenyewe bila kuombwa. Wenye matangazo hawakukaa kulia. Mwaka 2015 Chrome ilizipa tovuti uwezo wa kukutumia arifa hata ukiwa umeshazifunga. Nia ilikuwa njema: gazeti likupashe habari, barua pepe ikubishie hodi. Ila arifa haiji mpaka uikubalie, na tapeli akaona kazi yake ni moja tu, kukufanya ukubali.

Na anavyotujua! Unataka kutazama mechi bure, au kupakua benga ya Kikamba. Ukurasa unaandika: bonyeza Ruhusu ili uthibitishe kwamba wewe si roboti. Mtu mzima na heshima zake, aliyesomesha watoto kwa maembe ya Makueni, aitwe roboti? Anabonyeza kwa hasira. Hapo hajathibitisha chochote. Ametia sahihi kibali cha tovuti asiyoijua kumwamsha saa nane za usiku, na kesho yake anatangaza kijijini kwamba simu imeingiliwa. Imeingiliwa na nani? Na kidole chake mwenyewe! Ule ujumbe wa virusi nao ni uongo mtupu, kwa kuwa ukurasa wa wavuti hauna uwezo wa kuchunguza simu yako ukahesabu virusi, sembuse 13.

Dawa yake andikeni, sirudii. Fungua Chrome, gusa vitone vitatu vilivyo juu upande wa kulia, ingia mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa. Hapo pana orodha ya wote uliowapa ruhusa. Mama mmoja wa Emali alipoifungua alipiga mayowe, maana majina mengine yalikuwa kama mtu amepiga chafya juu ya kibodi. Usiyemjua, mzuie. Usimwonee huruma hata kidogo. Kisha zima na ile swichi inayoziruhusu tovuti kuomba, ili usiulizwe tena. Rudi nyuma hatua moja, tazama sehemu ya madirisha ibukizi, uhakikishe imebaki kwenye kuzuia. Mwenye haraka aibonyeze arifa yenyewe bila kuachilia kidole, na simu itamwonyesha pa kuizima. Lakini tangazo likifunika kioo chote hata kivinjari kikiwa kimefungwa, usikilaumu kivinjari. Tafuta programu uliyoweka juzijuzi, ile tochi ya bure au ile iliyoahidi kusafisha simu, na uing'oe.

Nahamia sehemu ya pili, kufuta kilichohifadhiwa, na hapa ndipo kaunti hizi mbili zinapoachana njia. Mtu wa Kitui hafuti kitu. Simu yake ina kumbukumbu za tangu ujana. Mtu wa Makueni, kwa utafiti wangu nilioufanya nikiwa nimeketi, hufuta kila kitu kila jioni, kisha hulalamika asubuhi kwamba intaneti imekuwa ghali. Wote wawili nawahurumia.

Kivinjari hutunza mengi, ila leo tutazame vitu vya aina tatu. Kuna historia, yaani orodha ya ulikopita. Kuna akiba ya picha na faili, ambayo huwekwa ili ukurasa ukirudiwa usipakuliwe upya wote. Ndiyo maana anayeifuta kila siku anainunulia bando picha ileile aliyoiona jana. Na kuna vidakuzi, kazi ya Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994. Kidakuzi ni ile alama ya mkaa ambayo mwenye kinu cha posho huchora kwenye gunia lako, kwa sababu bila alama, kila ukigeuka angekuuliza wewe ni nani na mahindi yako ni yapi. Alama hiyo haina ubaya. Ubaya ni alama za watu wengine wasiosaga chochote, waliosimama tu mlangoni wakitaka kujua kila gunia linakwenda nyumba gani. Hao unaweza kuwafungia katika mipangilio hiyohiyo, kwenye vidakuzi vya wahusika wengine, na kinu kitaendelea kusaga.

Basi ukurasa wa serikali ukigoma kufunguka, au ukikuonyesha mambo ya wiki jana, futa akiba ya picha na faili pekee, uujaribu tena. Ukifuta na vidakuzi, jua kwamba utatolewa karibu kila ulikokuwa umeingia, na utaulizwa nenosiri. Kisanduku cha manenosiri ukikikuta, na hukumbuki hata moja, pita kama umeona nyoka.

Mahali ambapo kufuta ni lazima ni saiba. Nalisema hili bila chuki yoyote binafsi kwa kijana niliyemtaja. Msimu wa maombi ya vyuo ukifika, foleni ya wanaoomba nafasi kwa KUCCPS na mkopo kwa HELB inatoka nje ya mlango, na kompyuta moja inapokea nusu ya kata kwa siku. Mtoto anaingia eCitizen ya serikali, anaingia barua pepe, anapiga nakala ya kitambulisho cha baba, halafu matatu ya Mwingi inapiga honi naye anakimbia. Anayeketi baada yake anakuta kila kitu kiko wazi: jina, namba ya kitambulisho, cheti cha kodi cha KRA. Kwa hiyo kompyuta ya watu ikikuuliza kama ihifadhi nenosiri, kataa. Ukimaliza, jitoe kwenye kila akaunti, kisha fungua sehemu ya kufuta data, chagua wakati wote, weka alama kwenye vyote vitatu, ufute. Faili ulizopakua hazifutiki kwa njia hiyo. Kafute kwa mkono, ndani ya folda yake. Matatu na isubiri, mbona huwa inatusubirisha sisi?

Naona mkono kule nyuma. Swali ni kama kufuta data ya kivinjari kunafuta deni la Fuliza. Hakufuti. Deni halikai kwenye kivinjari, linakaa kwa aliyekukopesha, na huko hakuna vitone vitatu.

Na nyinyi kina baba wa upande wa kulia mnaotabasamu mkidhani ile hali fiche ya kivinjari inawaficha, nayo inawaficha kwa wake zenu tu. Tovuti uliyoitembelea inakuona, na mwenye mtandao anajua ulikwenda kwa nani. Google yenyewe ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa jambo hili, na mwaka 2024 ikakubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu za watu waliodhani wamejificha. Kenya tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayotaka ridhaa ya mtu itolewe kwa hiari na kwa kuelewa. Ni sheria nzuri. Ila haiwezi kukushika mkono unapobonyeza Ruhusu kwa sababu ya kuitwa roboti.

Muda umekwisha, kwa kuwa mwenye ukumbi amezima feni. Wenye simu zinazorukarukiwa wapange mstari chini ya mwembe, Makueni watangulie kwa sababu ya safari, na kila mmoja afike akiwa ameshafungua ile orodha ya arifa. Ada ni kilo moja ya ndengu kwa simu. Maembe sipokei msimu huu, na ndengu zenye fukusi nitazirudisha pamoja na simu ikiwa haijaguswa.