Giaboksi Haina Hatia

Gari la gia oto likianza kupiga teke kila linapobadili gia, hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa: giaboksi imekufa. Mashine ya kupimia huchomekwa chini ya usukani, inatoa P0725, fundi anatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayejua bei, na mwenye gari anaanza kutafuta giaboksi iliyovuliwa kwenye gari la mwingine huko Japani. Kesi imeendeshwa ovyo. Msimbo huo unasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi haipati habari za kasi ya injini, au inazipata zikiwa zimevurugika. Aliyekuja kulalamika ndiye tunayemtia pingu.

Habari hizo huanzia kwenye sensa inayosoma meno ya gurudumu la krenkishafti. Kwenye Toyota nyingi gurudumu hilo lina nafasi 36, mbili zikiwa zimeachwa wazi makusudi. Kompyuta ya injini huhesabu, kisha hupeleka hesabu kwa waya hadi kompyuta ya giaboksi, ambayo huilinganisha na kasi ya shafti yake ili ijue toki konveta inateleza kiasi gani. Mshenga akikwama njiani hakuna anayemlaumu bibi harusi, lakini giaboksi hulaumiwa. Hata lile teke, aghalabu, ni la makusudi: kompyuta isiyo na habari hupandisha shinikizo la oili, au hata kung'ang'ania gia moja, ili gari lifike gereji. Ikiwa sensa ni moja, injini inaunguruma vizuri na mshale wa mizunguko umetulia, sensa haina neno. Mtafute mkosaji kwenye waya ulio baada yake. Mshale ukianguka sifuri injini ikiwa bado inazunguka, anza na sensa na soketi yake. Mara nyingi utakuta pini imeota kutu ya kijani tangu injini ilipooshwa kwa mashine ya presha, au waya umetafunwa na panya, mdudu asiyesomwa na kompyuta yoyote.

Utaambiwa jirani alibadilisha giaboksi na gari likapona. Lisipone kwa nini? Huwezi kuishusha bila kuchomoa soketi zake, wala kuipandisha bila kuzichomeka upya, na kutu hukwanguka njiani. Dawa ilikuwa kuchomoa na kuchomeka. Pesa nyingine zote zilikuwa nauli ya giaboksi. Sikatai kwamba giaboksi hufa. Ila ikifa huacha ushahidi: oili nyeusi yenye harufu ya kuungua, chembe za chuma kwenye sampo. P0725 peke yake si ushahidi huo.

Basi, ndugu msomaji, kabla bolti ya kwanza haijalegezwa, mwombe fundi akuonyeshe oili, kisha aupime ule waya kwa mita toka soketi hadi soketi mbele ya macho yako. Akikataa, chukua ufunguo wako.