Dhahabu Siri, Makohozi Hadharani

Mchimbaji wa Nyarugusu akipata gramu mbili, huzifunga kwenye karatasi na kuzisokomeza kwenye soksi, hata mwenzake wa duarani asinuse. Lakini akipimwa makohozi na kukutwa na kifua kikuu, kabla hajavuka geti la zahanati, picha ya cheti ameshaitupa mwenyewe kwenye kundi la WhatsApp la watu 200, nusu yao hawaijui hata sura yake. Jioni Katoro nzima inampa pole, na mama ntilie keshamtengea kikombe cha peke yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Ila haimfungi mdomo mwenye siri. Ndugu yangu, pole 200 hazikumezei dozi ya miezi 6. Rafiki mmoja mwenye bodaboda wa kukufikisha zahanati anatosha.